Mshika Mkia wa Kamba

Chuoni, 3 Februari 1985

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lori la magogo halikuisahau njiani. Mimi sijambo, ila chakula cha chuo kimenikondesha mpaka sketi nazifunga kwa pini. Mama yupo. Miguu inamvimba na daktari amemkataza kukanyaga cherehani, kwa hiyo sasa anashona kwa mkono, na kila mshono ukipinda anamlaumu daktari. Hajui kama nakuandikia. Nilijua utauliza, ndiyo maana nimelitanguliza.

Utashangaa kupata mwandiko wangu baada ya miaka kumi na miwili. Anwani nimepewa na mjane wa fundi mitaimbo, yule mliyekuwa naye kwenye kikosi cha kuhamisha mashine. Alisema uko msituni kwenye kambi ya kupasua mbao na barua zinakufikia Jumamosi tu.

Haja yangu ni hii. Mwaka huu namaliza ualimu, na somo langu ni fizikia. Mkufunzi wetu ametupa kazi: kila mmoja aandike kuhusu shughuli moja inayofanywa kwao, aonyeshe nguvu zote zilizomo, nini kinavuta, nini kinasukuma, nini kinazuia. Wenzangu wengi wameandika kuhusu mkokoteni. Mimi ni mtoto wa mhamisha mashine, Mjomba. Baba alikuwa msimamizi wa kikosi na wewe ulikuwa mshika mkia, mtu wa mwisho wa kamba, anayeuzuia mzigo usikimbie mteremkoni. Nikiandika kuhusu mkokoteni nitajiona msaliti.

Sikuulizi juu ya siku ile. Ulishaisema mwenyewe mbele ya watu, kwamba mkono wako ulizubaa, kamba ikaponyoka, na mashine ikamshukia baba. Nilikuwa na miaka tisa na nilisikia. Nakuuliza kazi tu, ilifanywaje siku zote nyingine.

Mpwa wako

*

Kambini, 9 Machi 1985

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, na mpishi wa kambi ameisoma mara moja bila ruhusa. Niko mzima. Kazi yangu huku ni kufunga magogo yasiporomoke kutoka kwenye lori, kazi ya wazee. Mwandiko wangu usikuchekeshe. Asubuhi za huku zina baridi na vidole havikunjiki.

Miguu ya dada inavimba yote miwili au mmoja? Asubuhi au jioni? Mwambie aiweke juu ya mto akilala. Usimwambie nani kasema.

Sasa sikiliza. Mzigo ni mvivu. Uliolala hautaki kuamka, na ukishaamka hautaki kulala tena. Watu walidhani kazi yetu ilikuwa kusukuma. Kusukuma ni kazi ya dakika moja, kazi ya siku nzima ni kuuzuia. Tulikuwa tunalaza mbao nene kutoka mlangoni mpaka chini, huo ndio mteremko. Mashine inakaa juu ya mabomba ya chuma, nayo mabomba yanaviringika. Huku juu kuna nguzo ya mti iliyochimbiwa au kukazwa. Kamba ya katani inafungwa kwenye mashine, inazungushwa kwenye nguzo mara tatu, na mkia wake nashika mimi. Kabla ya kuanza tunainywesha kamba ndoo nzima ya maji, isije ikaungua kwenye nguzo. Halafu naiachia kidogo kidogo. Nguzo ndiyo inayoshika, mpwa wangu. Mimi nilinyoosha mkono tu, kama mtu aliyemshika mtoto sokoni.

Sheria ilikuwa moja, hakuna kusimama chini ya mzigo. Ila bomba likipinda, msimamizi mwenyewe huingia na mtaimbo kulinyoosha. Yeye peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemchagua mshika mkia.

Andika hayo na utapata alama zako. Mfano chukua tangi la hospitali, au kinu cha kusaga, hicho tulikiteremsha huku tukiimba. Ile mashine ya kuchapia, ya siku ile, usiichukue.

Mjomba wako

*

Chuoni, 31 Machi 1985

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Miguu ni yote miwili, na jioni zaidi. Nilimwambia mama habari ya mto. Akaniuliza nani kanifundisha, nikasema muuguzi. Akatunga uzi kwenye sindano, kisha akasema muuguzi huyo ana akili. Nilicheka mwenyewe jikoni.

Nimekukosea jambo na naomba unisamehe. Nimeichukua mashine ya kuchapia. Si kwa ubishi. Ndiyo pekee ambayo vipimo vyake bado vipo. Nilikwenda pale kwenye kiwanda cha uchapaji siku ya mapumziko. Mwenye kiwanda amezeeka, lakini alinitolea karatasi ya mashine na kunionyesha mlango. Tani moja na nusu. Kutoka kizingiti mpaka chini ni mita mbili, na mbao zenu zilikuwa za mita sita. Nguzo bado ipo. Niliigusa.

Mkufunzi anataka hesabu kwa vipimo vyake vya kitabuni, ila wewe nakuandikia kwa kilo, tuelewane. Mteremko wa sita kwa mbili unaacha theluthi moja ya uzito ikivuta kuelekea chini, yaani kilo mia tano. Mabomba nayo yana ukaidi wao, tuseme yanakula sitini. Kamba imebaki na mia nne na arobaini. Hizo hazishikwi na mwanadamu. Hapo ndipo nguzo inapoingia. Msuguano wa katani juu ya mti ni wa ajabu, Mjomba. Kila mzunguko unagawa uzito kwa sita na nusu. Mzunguko wa kwanza, mia nne na arobaini zinakuwa sitini na nane. Wa pili, kumi. Wa tatu, kilo moja na nusu.

Kilo moja na nusu. Nilirudia hesabu mara tano, nikampa mwenzangu naye akairudia. Ulikuwa unashika kitu chepesi kuliko sufuria ya chai. Hata kama mkono wako ungezubaa, hata kama ungesinzia kabisa na kuiachia, mkia wa kamba uliolala chini kwa uzito wake wenyewe ungetosha kuichelewesha ile mashine mpaka uamke.

Sasa kamba iliponyokaje?

Mpwa wako

*

Kambini, 1 Juni 1985

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua zimekata barabara na lori halikuja majuma mawili. Halafu lilikuja, nami sikuandika. Mpishi ameondoka na sasa tunapikiana wenyewe, kila mtu analalamikia mkono wa mwenzake. Nimefurahi kusikia mto umesaidia.

Hesabu zako ni nzuri. Baba yako angejivuna mbele ya mtaa mzima. Lakini hesabu haikuwepo pale mlangoni, mimi nilikuwepo. Andika kwamba mshika mkia alizubaa. Mkufunzi akikuuliza, mwambie binadamu hana kipimo.

Usiniulize tena jambo hilo, mwanangu. Niulize jingine lolote.

Mjomba wako

*

Chuoni, 16 Juni 1985

Mjomba,

Shikamoo. Hapa kwetu wazima. Mama amemaliza sare za watoto wa jirani na amekataa kupumzika. Baba mdogo alipita kumwona na kama kawaida yake alisema juu yako maneno ambayo siyarudii. Mama hakuitikia wala hakupinga, alikata uzi kwa meno na kuendelea.

Umenikataza kuuliza, basi siulizi. Nitakuambia nilichofanya, wewe soma tu.

Kwanza nilikumbuka mikono yako. Siku ya mazishi ilikuwa imefungwa vitambaa, yote miwili, mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa mtoto, nilidhani ndivyo wafiwa wanavyofanya. Mtu aliyeachia kamba haungui viganja, Mjomba. Anayeungua ni yule aliyekataa kuiachia. Na vidole vyako visingekunjika hata huku kwetu penye joto, nadhani. Mwandiko wako si wa baridi.

Pili, chuoni kuna nguzo ya wavu wa mpira. Niliomba kamba ya katani kwa mlinzi, nikaizungusha mara tatu, upande mmoja nikaning'iniza mfuko wa mawe, na mkia nikaushika kwa vidole viwili. Ilishika. Nikailowesha maji, ikashika. Nikaitia mchanga, ikakataa hata kutembea. Mwenzangu aliyekuwa akifua pembeni akaniambia kwa mzaha, jaribu na sabuni. Nikaipaka sabuni na kumwagia maji. Mawe yalianguka kabla sijashika vizuri.

Nikarudia hesabu kwa msuguano wa kamba yenye povu. Kila mzunguko haugawi tena kwa sita na nusu. Unagawa kwa chini ya mbili. Mia nne na arobaini, mia mbili thelathini na tano, mia moja ishirini na sita, sitini na saba. Kilo sitini na saba ndani ya mikono miwili yenye utelezi. Hakuna awezaye.

Nilikaa pale chini ya wavu mpaka kengele ya chakula ikapita. Maana nilikuwa nimekumbuka jambo la tatu. Kamba ile ilikuwa inakaa chini ya kitanda cha wazazi wangu, nyeusi na yenye harufu. Na nilikumbuka Jumapili moja uani, imetandazwa juu ya kamba ya nguo kutoka ukutani hadi ukutani, nyeupe, inachuruzika.

Nani aliifua?

Mpwa wako

*

Kambini, 6 Julai 1985

Mpwa wangu,

Unajua ni nani. Nyumba ilikuwa na mwanamke mmoja.

Nimekaa na barua yako Jumamosi tatu, lori likija na kuondoka. Nilitaka kukuongopea tena. Nimeongopa kwa miaka kumi na miwili, sikudhani mara moja zaidi ingenishinda, lakini imenishinda. Nakuandikia ukweli ili unyamaze, si ili uuseme.

Baba yako alikuwa anakohoa. Dada akaona ni vumbi la ile kamba chini ya kitanda. Sisi hatukuwa tunafua kamba hata siku moja, uchafu na jasho ndivyo vinavyoipa meno. Lakini hilo lilikuwa jambo la kikosi, nani angemwambia mke wa nyumbani? Akaifua kwa mche mzima wa sabuni, kwa mapenzi yake. Kamba nene inanywa sabuni mpaka moyoni na haiitemi yote. Jumatatu asubuhi ilikuwa kavu na nyeupe. Baba yako akacheka, akasema mke wake asipochungwa atawafua hata mafundi. Tukacheka sote watatu, yeye, mimi na fundi mitaimbo. Miaka yote ile ya kazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Tukainywesha ndoo ya maji, kama kawaida yetu.

Ilikuwa sawa mpaka katikati. Kisha bomba likapinda, baba yako akaingia chini na mtaimbo. Kamba ikaanza kutembea kwenye nguzo. Niliona povu linatoka kati ya mizunguko, jeupe. Nikaita. Nikakaza. Ilipita mikononi mwangu yote, mita baada ya mita, na sikuiachia hata mwisho wake ulipokwenda. Hayo tu ndiyo ninayojivunia.

Fundi mitaimbo aliliona povu. Nilimshika koti, nikamwomba anyamaze, akanyamaza mpaka kaburini. Kamba niliichoma moto. Nilipofika nyumbani, dada yangu alikuwa na mtoto wa miaka tisa na maiti. Nikawaza hivi: mjane anayemlaumu kaka yake ataamka kesho apike uji. Anayejilaumu mwenyewe, na kwa kosa la kumwonea mumewe huruma, huyo haamki. Ndipo nikasimama nikasema mkono wangu ulizubaa. Baba yako mdogo akanifukuza, na alikuwa na haki kwa alichokijua.

Mzigo huu ni wangu. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usije ukauona mwepesi ukafikiri unaweza kuuhamishia kwake. Akijua, nimepoteza miaka yangu yote bure.

Jambo moja tu naomba. Kama miguu inavimba mpaka juu, mimi nimewahi kuona ugonjwa huo unakoishia. Muulize kama naweza kuja kumwona. Mwambie sitakaa, nitamwamkia na kuondoka.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 11 Agosti 1985

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani. Nimeomba ruhusa chuoni kwa sababu mama halali tena kitandani, anakaa kwenye kiti apate kupumua. Daktari anasema ni moyo. Anasema kwa sauti ya chini, kama vile moyo wenyewe unasikia.

Nilililia barua yako mahali ambapo mama hanioni, kisha nikaitia jikoni ikaungua. Hesabu zangu zote nimezichana. Kazi ya mkufunzi nilimwandikia kuhusu mkokoteni, nikapata alama nzuri kupita zote darasani. Mkufunzi alinisifu, na nilimchukia mtu huyo asiye na kosa.

Nimemuuliza mama. Nilimwambia nimepata habari zako kwa mjane wa fundi mitaimbo, na kwamba unaomba kuja. Alikuwa ameshika sindano. Aliiweka chini, jambo ambalo si kawaida yake, akatazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Asije. Siwezi kukaa naye chumba kimoja."

Nilimwambia, mama, ni ndugu yako wa tumbo moja. Akasema anajua. Sikuweza kusema zaidi ya hapo, maana neno la kukusafisha wewe lingemchafua yeye. Nimekaa kati yenu nimeziba mdomo, na nimekuelewa sasa ulivyoishi. Nisamehe, Mjomba. Nilianza kwa kutaka alama.

Mpwa wako

*

Kambini, 7 Septemba 1985

Mpwa wangu,

Nimepata. Nilikuwa nimenunua shati jipya kwa ajili ya safari, sasa nalivaa kazini, wenzangu wananiita bwana harusi.

Usimlazimishe. Ana haki ya kunichukia, mimi mwenyewe ndiye niliyempa sababu, nikaifunga kwa fundo zuri. Mtu hawezi kujenga ukuta kisha alalamike kwamba hapitiki. Ila sikudhani ungedumu hivi. Nilidhani mwaka mmoja, miwili, kisha angeniita hata kunitukana.

Tangu wiki ijayo tunahamia kambi ya ndani zaidi, lori litafika kila baada ya Jumamosi mbili. Ukipata habari yoyote ya haraka piga simu ya maandishi kupitia ofisi ya kiwanda cha mbao, wataiweka pamoja na barua. Mlaze kwa mito mitatu, mgongo ukiwa wima. Mpe maji kidogo kidogo. Usimwache peke yake alfajiri, ndipo mama yetu sisi alipoondoka, na hapakuwa na mtu chumbani.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 14 Oktoba 1985

Mjomba,

Njoo. Asubuhi hii nimekupigia simu ya maandishi yenye neno hilo tu. Barua hii ni ya kukueleza kwa nini, uisome njiani.

Jana mama aliniuliza chuoni wananifundisha nini. Nadhani alitaka tu kusikia sauti. Nikamwambia tunafundishwa kwa nini vitu vinakwenda na kwa nini vinasimama. Akaniuliza, "Na msuguano je?" Nilishtuka, neno hilo sikujua analijua. Akasema baba alikuwa akilitaja mezani.

Kisha akasema yote, bila mimi kumuuliza. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyatoa, akipumzika katikati. "Jioni ile nilimfunga kaka yangu mikono. Nyama ilikuwa nje. Nilipoinama kukata kitambaa, mikono yake ilinukia sabuni yangu. Nikajua pale pale. Nikasubiri aniambie. Yeye akasimama mbele za watu akasema alizubaa. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na nikanyamaza. Shemeji akamfukuza, nikanyamaza. Alipofika mlangoni aligeuka kunitazama, mimi nikatazama chini."

Nikamwambia, mama, kwa nini hukumwita hata mara moja. Akasema kila mwaka alisema mwaka huu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, wa pili mgumu kuliko wa kwanza, na kila alivyochelewa ndivyo alivyoona hana mdomo wa kuanzia. Akasema, "Ningemwamkiaje mtu aliyebeba kosa langu, na mimi nikamtazama akiondoka nalo?"

Alilia kidogo, kwa sababu hana pumzi ya kulia sana. Halafu akaniambia nikuite. Anataka kuiona mikono yako.

Njoo upesi.

16 Oktoba

Barua hii sikuipeleka posta jana, sikuweza kumwacha. Leo alfajiri mama amefariki. Sikumwacha peke yake, kama ulivyoniagiza. Nilimkalisha kwa mito mitatu. Aliuliza mara mbili kama lori limefika. Mara ya pili nikamwambia limefika, nawe uko mlangoni unavua viatu. Sijui kama nilitenda vyema.

Tunamzika kesho. Najua huwezi kuwahi.

Mpwa wako

*

Kambini, 26 Oktoba 1985

Mpwa wangu, mwanangu,

Lori limefika leo. Limeleta simu yako na barua yako pamoja, katika mfuko mmoja. Msimamizi alinipa simu kwanza kwa sababu ni karatasi fupi. Nilisoma "Njoo". Nikamwomba ruhusa hapo hapo, nikaenda kunyoa ndevu. Nilinyoa nikipiga mluzi, wenzangu ni mashahidi. Nililifua lile shati. Barua niliiweka mfukoni niisome njiani kama kawaida ya barua, kisha nikasema acha niifungue, lori bado linapakiwa.

Ulitenda vyema kumwambia nimefika. Usijiulize tena jambo hilo maishani mwako. Pole, mwanangu. Umempoteza mama, nami sikuwepo kukushika bega. Nakuja hata hivyo, kesho kutwa nitakuwa mlangoni kwako, na baba yako mdogo aseme atakalo, nitamsikiliza mpaka achoke. Usimweleze lolote. Dada yangu amelala, asiamshwe kwa maneno.

Nimekaa juu ya gogo naandika, dereva ananiita. Barua hii nitakupa mkononi, maana kwa mdomo sitaweza; ninachotaka kukuambia ni kimoja. Miaka kumi na miwili nilikaa mbali kwa sababu niliamini ananichukia, na nikasema acha anichukie, ndiyo dawa yake. Sikuwahi kuandika hata mstari mmoja. Sikuwahi kubisha hodi. Nilidhani namhurumia. Kumbe alikuwa ananionea haya. Ningelijua hilo, mpwa wangu, ningekuja kwa miguu, mwaka ule ule.

Mjomba wako